Sikukuita, Usije: Jamaika Iliyo Nyuma ya Milima

Waheshimiwa wageni waalikwa, walimu wangu, ndugu zangu waongoza wageni, na vijana mnaojifunza kazi hii, asalaam aleikum na habari za jioni.

Katika wilaya ya Trelawny, upande wa kaskazini magharibi wa kisiwa cha Jamaika, kuna kijiji ambacho jina lake ni sentensi nzima. Kinaitwa Me No Sen You No Come, maneno ya Kijamaika ambayo kwa lugha yetu ni kusema, "Sikukuita, usije." Waliokipa kijiji jina hilo walikuwa watu waliotoroka utumwa katika mashamba ya miwa yaliyoko chini kwenye tambarare, wakapanda milimani, wakalima, wakajenga, na wakamwekea kila mtu wa nje tangazo lisilohitaji ubao. Nimeombwa nizungumzie sehemu za Jamaika ambazo wageni hawazijui sana, na nimeanza na jina hilo kwa makusudi, kwa sababu sehemu nyingi za namna hiyo katika kisiwa kile hazikusahauliwa na watu. Zilifichwa, na waliozificha walikuwa na sababu ya kufa na kupona. Mgeni anayekwenda huko anakwenda kwenye maficho ya watu, na hana budi kupiga hodi.

Mimi nimeongoza wageni katika Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa miaka mingi, na nimekwenda Jamaika mara mbili, safari zote kwa fedha yangu mwenyewe niliyoiweka kidogo kidogo. Sikwenda kutafuta bahari, kwani bahari ninayo mlangoni. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona nchi ambayo watoro walipigana na dola, wakaandikiana nayo mkataba, na wajukuu wao wangali wanaishi juu ya ardhi ile ile.

Jamaika ina ukubwa wa kilomita za mraba 10,991, ambao ni zaidi ya mara nne ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Kina urefu wa kilomita karibu 235 kutoka mashariki hadi magharibi. Hata hivyo wageni wengi wanaoshuka uwanja wa ndege wa Montego Bay huishia katika ukanda mwembamba wa pwani ya kaskazini na magharibi, kati ya Negril, Montego Bay na Ocho Rios, ndani ya hoteli ambazo chakula, kinywaji na kitanda vimekwisha kulipiwa kabla mgeni hajatoka kwao. Simlaumu anayehitaji kupumzika. Lakini ni vizuri ajue kwamba Sheria ya Udhibiti wa Fukwe ya mwaka 1956 iliuweka ufukwe mikononi mwa serikali bila kumpa mwananchi haki ya jumla ya kufika baharini na kuogelea, na kwamba Wajamaika hadi leo wanaidai haki hiyo, wakiwa wamefikisha baadhi ya madai mahakamani. Ukimwona kijana wa Montego Bay hajapata kukanyaga mchanga ulio mbele ya hoteli ambako mama yake anatandika vitanda, usishangae. Kwa hiyo ninaposema tugeuke tuangalie bara, sisemi kwa sababu ya mandhari peke yake.

Tuanze na nchi inayoitwa Cockpit Country. Hii ni nchi ya miamba ya chokaa, inayoenea katika wilaya za Trelawny, St. James na St. Elizabeth. Mvua ikinyesha juu yake haitengenezi mito, bali hupenya katika nyufa za mawe, hulila jiwe polepole kwa maelfu ya miaka, na kuacha vilima vya duara vilivyosongamana kama mayai katika trei, na katikati ya kila vilima vitatu au vinne shimo lenye kuta za mwinuko mkali. Waingereza waliyaona mashimo hayo wakakumbuka viwanja vyao vya kupiganishia majogoo, na ndipo jina likatoka hapo. Maji yaliyozama juu hutokea chini, pembezoni mwa nchi hiyo, na kuwa mito mikubwa ya magharibi ya kisiwa: Martha Brae, Great River, Black River. Ndani kwenyewe hakuna mto wa kufuata, hakuna upeo wa kuangalia, na kila bonde linafanana na lililopita. Askari wa Kiingereza walioingia humo katika karne ya 18 walikuwa wanaogopa hata mgongo wao wenyewe, na sehemu moja ya nchi hiyo mpaka leo inaitwa Land of Look Behind, yaani nchi ya kutazama nyuma.

Waliokuwa wanawatazama askari hao kutoka vichakani walikuwa Wamaroon. Mizizi yao inaanzia mwaka 1655, Waingereza walipokiteka kisiwa kutoka kwa Wahispania, na Waafrika waliokuwa watumwa wa Wahispania wakapanda milimani badala ya kubadilisha bwana. Kila mwaka uliofuata watoro wengine walijiunga nao. Sisi watu wa pwani hatupaswi kulisikia jambo hili kama hadithi ya mbali, kwa maana katika karne ya 19 watoro wa kwetu nao walijenga makazi yao nyuma ya Malindi, kama Fuladoyo, na wengine wakakimbilia Witu wakapokewa. Tofauti ni kwamba wale wa Jamaika walipigana muda mrefu mpaka serikali ya Kiingereza ikachoka. Mwaka 1739 ilitia saini mkataba na jemadari wao wa magharibi, Cudjoe, na katika mwaka huo huo ikafanya hivyo na Quao wa mashariki. Majina hayo ni ya Kiakan, yaliyotoka nchi ya Ghana ya sasa, na yanatokana na siku za juma kama tunavyomwita mtoto wetu Juma au Khamis. Cudjoe ni aliyezaliwa Jumatatu. Quao ni Khamis kabisa.

Mji mkuu wa Wamaroon wa magharibi uliobaki ni Accompong, katika wilaya ya St. Elizabeth. Nilifika huko kutoka Maggotty kwa teksi ya njia, nayo ilikuwa Probox, gari lile lile linalobeba magunia ya soko kule Kenya, na tulikuwa abiria sita na kuku wawili, tukipanda barabara ambayo upande mmoja ni jiwe na upande wa pili ni hewa. Mama mmoja aliyekuwa amenibana dirishani aliniuliza naenda kwa nani. Nilipomjibu kwamba siendi kwa mtu ila nataka kuona mji, alinyamaza kidogo, kisha akamwambia dereva anishushe mbele ya nyumba ya mzee mmoja wa baraza. Namshukuru mama yule mpaka leo, kwa sababu aliniingiza kwa mlango wa mbele.

Accompong wana kiongozi wao, ambaye kwa desturi huitwa Kanali, na baraza lake, na ardhi yao ni ya jumuiya, haiuzwi. Mkataba uliwapa watu wa Cudjoe ekari 1,500. Mgeni hulipa kiingilio, hupewa mtu wa kumwongoza, na hupelekwa kwa miguu kwenye kanisa, shule, makaburi, na kwenye mwembe mkubwa uitwao Kindah, ambao wenyeji hulieleza jina lake kuwa ni ukoo mmoja. Wanasema hapo ndipo Cudjoe alipowakutanisha watu waliokuja na lugha na miungu mbalimbali akawafanya kuwa watu wamoja. Kila tarehe 6 Januari, siku wanayoiadhimisha kuwa ya kuzaliwa kwa Cudjoe na ya ushindi wao, wanaume hupika nyama ya nguruwe dume bila chumvi karibu na mwembe huo kwa ajili ya wahenga, ngoma ya pembe nne iitwayo goombay hupigwa, na pembe ya ng'ombe iitwayo abeng hulia.

Naomba nikae kidogo juu ya pembe hiyo. Mzee wangu aliishika kwa mkono mmoja, akaweka midomo ubavuni mwa pembe kama inavyopulizwa siwa ya Lamu, si nchani, na kidole gumba akakiweka kwenye tundu dogo lililotobolewa kwenye ncha, akilifunga na kulifungua. Sauti haikuwa ya muziki. Ilikuwa ya maneno. Wakati wa vita abeng ilipeleka habari kutoka kilima hadi kilima, kwa mlio uliofuata kupanda na kushuka kwa sauti za lugha ya Kiakan, na askari aliyekuwa chini bondeni alisikia mlio tu, ilhali aliyekuwa juu alisikia idadi ya askari na njia waliyoishika. Mzee alipuliza mara tatu, akanyamaza, na mahali fulani ng'ambo ya bonde mbwa wakaanza kubweka.

Kwenye makaburi nilifanya kosa. Niliinua simu nipige picha, kama nilivyozoea kuwaona wageni wangu mwenyewe wakifanya Unguja, na mzee akanishika mkono taratibu akauteremsha. Hakunigombeza. Alisema, "Kwanza wasalimie." Nikasalimia kwa Kiswahili, maana sikuwa na lugha nyingine ya kusalimia wafu, naye akatikisa kichwa akaridhika. Picha sikupiga, na sijajuta.

Ni lazima niseme pia kwamba wilaya ya St. Elizabeth niliyoiona si ile iliyopo leo. Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa, cha daraja la tano, kiliingia nchi kavu kusini magharibi mwa Jamaika, kikauharibu vibaya mji wa Black River pamoja na vijiji vingi vya wilaya ile. Black River ulikuwa mji wa majumba ya mbao ya zamani na mto wenye mamba. Jirani yake kuna Treasure Beach, pwani kavu ya udongo mwekundu ambako wakulima hutandaza majani makavu chini ya matikiti na vitunguu ili udongo usipoteze umande. Anayetaka kwenda huko aulize kwanza wenyeji wamefikia wapi, na alale kwa wenyeji, anunue kwa wenyeji. Fedha ya mgeni anayelala katika nyumba ya mkulima wa Treasure Beach hufika kwenye bati la mkulima huyo siku hiyo hiyo.

Upande wa kaskazini wa Cockpit Country, katika Trelawny, barabara inapita Sherwood Content, kijiji cha mwanariadha Usain Bolt, na kuishia Windsor, ambako kuna pango kubwa lenye popo wasiohesabika. Jioni, jua likizama, popo hao hutoka kama moshi. Mwenyeji anayefahamu pango ndiye wa kuingia naye, na mvua ikiwa karibu asiingie mtu. Huko pia anaishi kipepeo mkubwa kuliko wote wa jamii yake katika Amerika, mweusi mwenye mikanda ya njano, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa hapo na katika milima ya mashariki ya kisiwa hicho hicho. Wakulima wa Trelawny wanategemea viazi vikuu, na kila mmea unahitaji mti wa kupandia, kwa hiyo msitu unatoa miti hiyo kila msimu. Lakini hofu kubwa ya watu ni boksiti, madini ya kutengenezea alumini, iliyojaa chini ya udongo wa Jamaika na ambayo imekuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2017 serikali ilitangaza mipaka ya eneo la hifadhi ambalo halitachimbwa. Nje ya mstari huo bado mabishano yanaendelea, na mtu yeyote wa Trelawny utakayempa lifti atakueleza ni upande gani wa mstari shamba lake limeangukia.

Sasa tuvuke kisiwa kwenda mashariki, maana huko ndiko moyo wangu uliko.

Milima ya Blue Mountains inapanda hadi mita 2,256, na pamoja na milima jirani ya John Crow iliandikwa na UNESCO mwaka 2015 kuwa Urithi wa Dunia, kwa ajili ya viumbe wake na kwa ajili ya historia ya Wamaroon. Wageni kadhaa hupanda kilele usiku ili kuona jua likichomoza, na wengi zaidi huja kwa ajili ya kahawa, iliyoingizwa kisiwani mwaka 1728 na gavana Nicholas Lawes. Mbegu ya kahawa hiyo ililetwa hata Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Kahawa ni nzuri sana na ni ghali sana, nami siongezi zaidi.

Nyuma ya milima hiyo, upande wa mvua, katika bonde la mto Rio Grande, ndipo ulipo Moore Town. Kutoka mji wa Port Antonio unaingia bara kwa barabara mbovu, mto ukiwa kando yako, migomba ikiwa juu yako, na mawingu yakiwa yamelala kwenye miti. John Crow hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka, na nguo zangu hazikukauka siku zote nne nilizokaa. Huu ndio mji wa Bibi Nanny. Wajamaika humwita hivyo hivyo, Granny Nanny, bibi wa taifa, na ndiye mwanamke pekee miongoni mwa mashujaa wa kitaifa saba wa nchi ile. Picha yake iko kwenye noti ya dola 500, na sokoni noti yenyewe watu huiita nanny. Aliwaongoza Wamaroon wa mashariki kutoka ngome yake iliyokuwa juu kabisa milimani, Nanny Town, ambayo Waingereza waliiteka na kuiharibu mwaka 1734. Baada ya amani, mwaka 1740, yeye na watu wake waliandikiwa ekari 500 za ardhi.

Kaburi lake liko Moore Town mahali panapoitwa Bump Grave, karibu na shule. Hapana jengo la fahari, ila mnara wa mawe tu. Watoto hupita hapo wakienda darasani na begi mgongoni. Mama mmoja mwenye duka la jirani alinisimulia jinsi njaa ilivyowazidi Wamaroon wakati wa vita mpaka Nanny akataka kukata tamaa, akasikia usingizini wahenga wakimwambia asubiri, na alipoamka akakuta mbegu za boga mfukoni. Alizipanda kilimani, na kwa muda mfupi zikazaa maboga ya kulisha watu wote. Kilima hicho kinaitwa Pumpkin Hill, na mama yule alikionyesha kwa kidevu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa inamenya ndizi.

Utamaduni wa Moore Town ulitangazwa na UNESCO mwaka 2003, ukaingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi usioshikika, na kiini chake ni Kromanti, ngoma na lugha ya ibada ambayo hutumika kuita wahenga. Hiyo si ya kuonyeshwa wageni. Niliambiwa hivyo kwa upole na sikuuliza mara ya pili. Lakini zipo njia za miguu ambazo Wamaroon wenyewe hupeleka wageni, na bora kuliko zote ni njia ya Cunha Cunha Pass, inayokata milima kati ya wilaya za St. Thomas na Portland. Ni njia waliyoitumia kwa vita na kwa biashara. Kwenda Nanny Town penyewe ni safari ya siku kadhaa kwa miguu, hakuna kibao wala barabara, na bila mwongozaji Mmaroon asijaribu mtu. Watu wamepotea katika misitu ile.

Na hapo Portland, mkishuka pwani, mtakula jerk pale Boston Bay. Leo duniani kote jerk ni jina la viungo katika chupa. Asili yake ni nguruwe mwitu wa Wamaroon, aliyekaushwa kwa moshi mdogo juu ya kuni za mti wa pimento na kupakwa pilipili kali inayofanana na pilipili mbuzi yetu, ili nyama isioze na ili moshi usiwaonyeshe askari walikojificha.

Ndugu zangu, hapa ningeweza kukomea kwenye sifa, na ingekuwa dhuluma. Mkataba wa mwaka 1739 uliwapa Wamaroon uhuru na ardhi, lakini uliwafunga wawarudishe watoro wapya kwa mabwana wao na wasaidie serikali kuzima maasi. Walitimiza. Kwa sababu hiyo, kuna Wajamaika wengi ambao wanaposikia jina la Maroon hawasikii uhuru peke yake. Anayetaka kulielewa jambo hili asiende Moore Town bila kwenda pia Stony Gut na Morant Bay katika wilaya ya St. Thomas, wilaya ambayo wageni huikwepa na ambayo wenyeji wake wanasema iliachwa nyuma kama adhabu.

Stony Gut ni kilimani, kilomita chache kutoka baharini. Kulikuwa na kanisa dogo la Wabaptisti weusi, na shemasi wake alikuwa Paul Bogle, mkulima. Utumwa ulikuwa umekwisha tangu mwaka 1838, lakini watu hawakuwa na ardhi, hawakuwa na kura, na mahakimu wao walikuwa ndio mabwana wao wa zamani. Mwaka 1865 Bogle na wenzake walitembea kwa miguu hadi Spanish Town, zaidi ya kilomita 70, kwenda kumwona gavana Edward Eyre, naye akakataa kuwaona. Tarehe 11 Oktoba walishuka Morant Bay mpaka mbele ya mahakama. Wanamgambo waliwafyatulia risasi, umati ukaichoma mahakama, na watu wa pande zote mbili wakafa. Gavana akatangaza sheria ya kijeshi. Zaidi ya watu 400 waliuawa, karibu 600 walichapwa viboko, wanawake wakiwamo, na nyumba zipatazo 1,000 zilitiwa moto. Bogle alikamatwa na Wamaroon, akakabidhiwa, na tarehe 24 Oktoba akanyongwa.

Mahakama iliyojengwa upya iliungua tena mwaka 2007. Nilipoiona zilikuwa kuta tu, na nyuma yake, upande wa bahari, ni mahali walipozikwa waliouawa. Stony Gut kuna jiwe la kumbukumbu na miti ya matunda. Mzee aliyenipeleka huko alikuwa wa St. Thomas, na nilipomwambia nimetoka Moore Town hakujibu lolote kwa hatua kama ishirini. Kisha akasema kwamba babu zao walikuwa na mkataba, na babu zake yeye walikuwa na Bogle tu. Naona alisema haki, na naona pia kwamba yule mama wa Moore Town aliponionyesha Pumpkin Hill alikuwa na haki. Mwongozaji mwema wa Jamaika hawezi kuificha moja kwa ajili ya nyingine.

Mbele kidogo, katika wilaya hiyo hiyo, ni Bath. Bonde lake lina chemchemi mbili zinazotoka katika kilima kimoja, moja ya moto na moja ya baridi, na maji ya moto yananuka kiberiti. Inasimuliwa kwamba mtumwa mmoja aliyekimbia akiwa na kidonda mguuni mwishoni mwa karne ya 17 aliogelea hapo, akapona, na akarudi kumweleza bwana wake. Nimelifikiria sana hilo la kurudi. Kando ya mto, wanaume wa hapo watakukanda mgongo kwa taulo lililochovywa katika maji ya moto, kwa bei ya kuelewana kabla, si baada.

Bath ina bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1779, leo imechoka, lakini mtu wa kwetu akiingia humo atasimama. Nilisimama mbele ya mshelisheli. Miche ya shelisheli ililetwa Jamaika mwaka 1793 na nahodha William Bligh kutoka visiwa vya Pasifiki, ili mabwana wapate chakula rahisi cha kulisha watumwa, na mingine ikapandwa hapo Bath. Leo Mjamaika hulichoma juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi, kisha hulimenya likitoa mvuke, na hakuna kifungua kinywa kamili bila hilo. Kando yake huwekwa ackee, tunda lililotoka Afrika Magharibi. Mwenye nyumba niliyolala alinifundisha alfajiri moja: ganda jekundu lazima lipasuke lenyewe mtini, kwa sababu likifunguliwa kwa nguvu likiwa bichi lina sumu inayoua. Ndani kuna mbegu tatu nyeusi zinazong'aa kama macho, na nyama ya njano, na utando mwekundu ambao kidole chake kiliuondoa bila yeye kutazama. Aliikaanga na samaki wa chumvi, vitunguu na nyanya. Pembeni aliweka mboga anayoiita callaloo, na nilipoonja nikamwambia, mama, hii kwetu ni mchicha.

Kwa atakayebakiwa na siku moja karibu na Kingston, apande Sligoville, katika vilima vya St. Catherine. Mwaka 1835 mchungaji James Phillippo alinunua huko ekari 25 ambazo ziligawanywa viwanja kwa watu waliotoka utumwani, na ndicho kijiji huru cha kwanza cha Jamaika. Karibu na hapo, mwaka 1940, Leonard Howell alianzisha Pinnacle, makazi ya kwanza makubwa ya Warastafari, ambayo polisi waliyavamia mara kwa mara. Wengi wanajua kwamba Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia ambaye Warastafari humwona kuwa ni Mungu, alitua Kingston tarehe 21 Aprili 1966. Wachache wamefika kwenye kilima ambako jina lake lilihubiriwa miaka mingi kabla ya ndege hiyo.

Usafiri ni rahisi kwa mtu wa kwetu kuliko mnavyodhani. Magari hupita kushoto kama huku, teksi za njia zina namba nyekundu na zina nauli zinazojulikana, na mabasi madogo ni Kosta, zinazojazwa kama Kosta zilivyokuwa zikijazwa Dar es Salaam. Ukiingia garini sema "good morning" kwa wote. Asiyesalimu huonekana hana adabu, na hapo hakuna tofauti na kwetu. Kwa Accompong na Moore Town, tafuta mawasiliano ya baraza mapema, sema unataka kuja siku gani na kwa nini, usubiri jibu. Kwa tarehe 6 Januari anza kutafuta malazi miezi kabla, kwa kuwa Wamaroon walioko ng'ambo hurudi nyumbani siku hiyo.

Nimalizie na usiku mmoja wa St. Thomas. Katikati ya karne ya 19, utumwa ukiwa umekwisha, Waingereza walileta vibarua wa mkataba kutoka nchi ya Kongo, na wajukuu wao wangali wanacheza Kumina, ibada ya ngoma ambamo Mungu anaitwa Zambi, jina ambalo ndugu zetu wa Kongo hawahitaji kufasiriwa. Kulikuwa na Kumina ya msiba katika kijiji jirani na nilikolala. Mwenye nyumba yangu alinipeleka mpaka nje ya uzio wa makuti, akaniambia nisimame hapo. Nilisimama. Ngoma mbili zilikuwa zimelazwa chini, wapigaji wamezikalia, na mmoja alikuwa akikandamiza ngozi kwa kisigino ili kubadilisha sauti, huku mtu wa nyuma yake akipiga mwili wa ngoma kwa vijiti. Nilikaa pale kwa muda wa saa mbili, mvua ikinyesha kidogo na kuacha. Ilipokaribia saa saba ya usiku mwanamke mzee mwenye kilemba cheupe alikuja mpaka kwenye uzio na kibuyu cha maji, akanimwagia kidogo miguuni, na akaniambia, ingia.